MZIGO WA ASKARI, KINGA YA KIGOGO

Kijana, kabla hujafika aya ya pili, fanya jaribio hili hapo hapo kijiweni. Chukua ndoo ya lita 20, ijaze maji mpaka robo tatu. Hizo ni kilo 15. Sasa usiiweke kichwani kama mama anavyobeba. Jifunge nusu kifuani na nusu mgongoni, halafu toka mbio sokoni Kariakoo mpaka Mnazi Mmoja, saa nane mchana, jua la mwezi wa pili, huku kuna mtu kajificha juu ya ghorofa anakulenga na bunduki.

Ukifika salama tuambie: ulitamani ule mzigo uwe mzito zaidi au mwepesi zaidi?

Ukiwa katikati ya barabara utasema mwepesi. Risasi ikikufikia utasema mzito. Yote mawili ni kweli, na hapo ndipo ulipo mgogoro wenyewe. Askari anaomba vitu viwili vinavyogombana: anaomba kinga na anaomba wepesi. Ukimwongezea kimoja unampunguzia kingine. Swali la safu hii leo ni dogo lakini lina damu ndani yake: nani anayeamua kiasi?

Kilo 15 hizo hatukuziokota njiani. Ndio uzito wa fulana ya kuzuia risasi iliyoitwa Interceptor, waliyovaa askari wa Marekani kule Iraki, ilipovaliwa pamoja na viungo vyake vyote: mabamba ya kifuani na mgongoni, mabamba ya mbavuni, vikinga vya mabega, cha koo na cha kinena. Bado hujaweka kofia, bunduki, risasi, maji wala redio.

Wapo watakaocheka. Watasema hapa ajira hakuna, maji yanatoka kwa zamu, ninyi mnatuletea habari za fulana za Wamarekani! Jamani, subirini. Tunaleta habari za Wamarekani na Waingereza kwa sababu moja tu: kwao mambo haya yalichimbwa hadharani, kwa majina, tarehe na hesabu. Kwetu hupigwa muhuri wa "siri". Na anayevishwa fulana, kote duniani, ni kijana kama wewe. Anayemvisha ni mzee wa ofisini ambaye hataivaa. Wahenga walishamaliza: mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi.

HESABU YA FULANA

Tuanze na kifaa chenyewe, maana mtu asiyejua kifaa hudanganywa na muuzaji.

Fulana ya kitambaa peke yake, hata kikiwa kile kigumu cha Kevlar, haizuii risasi ya bunduki kubwa. Kazi yake ni kuzuia vipande vya bomu na risasi za bastola. Ya Interceptor ilitengenezwa kuhimili risasi ya bastola ya milimita 9. Risasi ya AK, ile ya milimita 7.62, inataka bamba. Bamba hilo ni la kauri ngumu, limeungwa kwa nyuma na tabaka za nyuzi za plastiki. Risasi inapogonga, kauri inavunja ncha ya risasi, na yenyewe inapasuka. Vipande vinavyobaki vinanaswa na zile nyuzi. Kwa hiyo bamba linakufa ili mtu aishi. Na kwa sababu ni kauri, likiangushwa hovyo linaweza kupata ufa usioonekana kwa macho, ndiyo maana majeshi makini huyapiga mabamba yao picha ya eksirei.

Sasa tazama hesabu. Fulana ya Interceptor tupu ilikuwa na kilo zisizofika 4. Bamba moja la mwanzo lilikaribia kilo 2, na yalikuwa mawili. Jumla kilo 7 na nusu hivi. Lilipoletwa bamba gumu zaidi la kuzuia risasi kali zaidi, moja lilikaribia kilo 2 na nusu. Wakaongeza ya mbavuni. Wakaongeza ya mabega. Kila sehemu ya mwili unayoifunika inadai kilo zake, na kila risasi kali zaidi unayotaka kuizuia inadai unene wake. Hakuna bamba la bure. Anayekuambia anayo fulana inayofunika mwili mzima, inazuia kila risasi na ni nyepesi kama shati la mtumba, huyo anakuuzia mbuzi kwenye gunia.

Mbuzi huyo aliwahi kupelekwa sokoni. Kulikuwa na fulana iliyoitwa Dragon Skin, ya visahani vya kauri vilivyopangwa kama magamba ya samaki. Ilisifiwa kwamba inapinda na mwili na inafunika eneo kubwa. Jeshi la Marekani liliipima mwaka 2006 na kutoa matokeo hadharani Mei 2007: risasi 13 kati ya 48 zilipenya, na gundi ya visahani ilishindwa kwenye joto kali. Uzito wake ulikuwa zaidi ya kilo 21, wakati Interceptor ya kulinganishwa nayo ilikuwa na kilo kama 13. Magamba mengi, kilo nyingi.

KOSA LA KWANZA: KUMTUMA ASKARI UCHI

Wakubwa wana makosa mawili katika jambo hili, na huyafanya kwa zamu. La kwanza ni la uzembe.

Tarehe 24 Machi 2003, karibu na mji wa Az Zubayr kusini mwa Iraki, aliuawa Sajenti Steven Roberts, kamanda wa kifaru wa jeshi la Uingereza. Siku chache kabla yake aliamriwa kuvua fulana yake yenye bamba na kuirudisha, kwa sababu hazikutosha na wengine walionekana kuihitaji zaidi. Risasi iliyomuua ilitoka kwa wenzake, waliokuwa wakijaribu kumwokoa na mtu aliyemshambulia. Uchunguzi uliofuata ulionyesha kwamba kama angebaki na fulana ile, angepona.

Kwa nini hazikutosha? Uchunguzi wa kifo chake, mwaka 2006, ulisikia kwamba uamuzi wa kuagiza vifaa zaidi ulicheleweshwa kwa wiki 8 huko juu, kwa sababu wakubwa hawakutaka ionekane kwamba Uingereza inajiandaa kwa vita wakati maneno ya amani yakiendelea Umoja wa Mataifa. Yaani sura ya serikali ililindwa, kifua cha sajenti kikaachwa wazi.

Kuna kituko kingine. Desemba 2003, wakaguzi wa serikali ya Uingereza waliandika kwamba tangu vita vya Kosovo vya mwaka 1999 seti 200,000 za fulana zenye mabamba zilikwishatolewa, idadi inayozidi sana mahitaji, lakini zilionekana kutoweka. Seti laki mbili! Kama ingekuwa hapa kwetu mngesema ni Waafrika hawajui kutunza stoo. Kumbe uzembe hauna rangi.

Marekani nayo, dola tajiri kuliko zote, iliingia Iraki Machi 2003 bila mabamba ya kutosha. Wakaguzi wa Bunge lao waliandika mwaka 2005 kwamba Interceptor haikuwafikia askari wote walioko Iraki mpaka Januari 2004. Wazazi walichanga, wake walikopa, wakawanunulia vijana wao fulana kwa fedha za mfukoni. Hali ilikuwa ya aibu hivi kwamba Oktoba 2004 Bunge lao lilipitisha sheria ya kuwarudishia watu fedha zao, mpaka dola 1,100 kwa kifaa.

Kisha Desemba 8, 2004, kule Kuwait, askari mmoja wa kawaida alisimama mbele ya Waziri wa Ulinzi, Donald Rumsfeld, akamuuliza kwa nini wao wanaokota vyuma chakavu majalalani ili wavipachike kwenye magari yao wajikinge. Wenzake wakashangilia. Waziri akajibu kwamba mtu huenda vitani na jeshi alilonalo, si lile analolitamani. Jibu hilo lilimfuata mpaka alipoondoka ofisini. Lakini wewe msomaji zingatia hili: askari wa ngazi ya chini alimuuliza waziri hadharani, na waziri alilazimika kujibu.

KOSA LA PILI: KUMGEUZA KOBE

Januari 2006 magazeti ya Marekani yalifichua utafiti wa ndani wa madaktari wa jeshi. Walichunguza vifo 93 vya askari wa Marine waliokufa kwa majeraha ya kiwiliwili, kuanzia Machi 2003 mpaka Juni 2005. Katika vifo 74 risasi au vipande vya bomu vilipita mahali ambapo hapakuwa na bamba: mabegani, mbavuni, pembeni. Katika 31, jeraha lilikuwa karibu kabisa na ukingo wa bamba.

Moto ukawaka. Wazazi wakalia, wabunge wakafoka, kamera zikawashwa. Na wakubwa, walewale waliosahau kuagiza, sasa wakageuka kuwa mafundi wa kulimbikiza. Mbavuni weka. Mabegani weka. Amri: hatoki mtu kambini bila vyote.

Utasema, si ndiyo vizuri? Uhai hauna bei.

Polepole, ndugu yangu. Uhai hauna bei, lakini una kasi. Askari wa miguu hufundishwa kuvuka eneo la wazi kwa mbio fupi za sekunde 3 hadi 5, kisha anajitupa chini, kwa sababu ndio muda ambao adui anautaka ili amwone, amlenge na afyatue. Mfunge kilo za ziada na jua la Iraki linalofika nyuzi 45 na zaidi, uone kama sekunde zake zitabaki tano. Uone kama ataweza kuruka ukuta, kumvuta mwenzake aliyejeruhiwa, au kugeuka ndani ya gari linaloungua na kutoka dirishani. Baadhi ya askari wenyewe walipopewa mabamba ya mbavuni waliyakataa. Hawakuwa wapumbavu wala hawakuchoka kuishi. Walijua kitu ambacho mwenye kiti cha kuzunguka hakijui.

Na hapa, kijana, shika hoja hii maana ndio moyo wa makala. Askari aliyekufa kwa kukosa bamba ubavuni anahesabika. Daktari anamwona tundu, anaandika, na gazeti linachapa. Lakini askari aliyekufa kwa sababu alichelewa sekunde mbili kufika nyuma ya ukuta, hakuna daktari atakayeandika kwamba ameuawa na uzito. Ataandikwa ameuawa na risasi. Kifo cha kwanza kina mwenyewe wa kulaumiwa: aliyekosa kuagiza bamba. Kifo cha pili hakina mwenyewe.

Sasa jiweke kwenye kiti cha kigogo. Utaogopa kifo kipi? Utaogopa kile kitakachokupeleka mbele ya kamati ya Bunge. Utaongeza bamba, halafu bamba juu ya bamba, na kila kilo utakayoongeza itakuwa inalinda kifua cha askari kidogo na kiti chako sana. Hiyo ndiyo siri ya uzito wa fulana. Nusu ya kilo zile ni za kauri, nusu ni za woga wa wakubwa.

Kwa wale wanaotaka hesabu: kundi la wataalamu wa jeshi la Marekani lilipima mizigo ya askari wa miguu kule Afghanistani mwaka 2003. Mzigo wa kupigana tu, achilia mbali begi, ulikuwa wastani wa kilo 28 na zaidi. Hiyo ni ndoo nzima ya maji na karibu nusu ya pili. Katika safari ngumu kabisa mzigo ulifika karibu kilo 60. Wewe uliyewahi kubeba zege unaujua mfuko wa saruji. Ni kilo 50. Ongeza 10, panda nao mlima, halafu mwambie mtu akupige risasi.

Matokeo yake yapo hospitalini. Madaktari waliochunguza askari walioondolewa Iraki na Afghanistani kwa ugonjwa au majeraha kati ya 2004 na 2007 walikuta kwamba sababu iliyoongoza ilikuwa maumivu ya mifupa, misuli na viungo: asilimia 24. Majeraha ya vita yalikuwa asilimia 14. Fulana si sababu pekee ya migongo ile, lakini nani atasema haimo?

NANI ALISHIBA?

Wakati askari anahesabu kilo, kuna mwingine alikuwa anahesabu dola. David Brooks alikuwa mkuu wa kampuni iliyotengeneza fulana za Interceptor. Mei 2005 jeshi la Marine liliita zirudishwe fulana 5,277 kutokana na maswali juu ya vipimo vyake. Novemba mwaka huo huo Brooks alimfanyia binti yake sherehe New York, ambayo magazeti ya huko yalisema iligharimu dola milioni 10 hivi. Aliyetumbuiza? 50 Cent! Na Aerosmith juu yake.

Usidhani tunamwonea. Mwaka 2010 mahakama ya Marekani ilimtia hatiani kwa ulaghai wa hisa na kuifyonza kampuni yake, mwaka 2013 akafungwa miaka 17, na mwaka 2016 akafia gerezani. Kosa alilofungwa nalo lilikuwa la fedha, si la ubovu wa fulana. Lakini jiulize: bamba moja likiongezwa kwa kila askari, nani wa kwanza kupiga makofi? Muuzaji hana shida na mgongo wako. Yeye hulipwa kwa idadi ya mabamba.

Na hao wapimaji? Januari 2009 mkaguzi mkuu wa Pentagon alisema jeshi la nchi kavu halikuweza kuthibitisha kwamba baadhi ya mabamba yalipimwa inavyotakiwa. Waziri wa jeshi hilo alibisha kwamba mabamba ni mazima, lakini akaamuru seti 16,413 zikusanywe. Kwa hiyo kijana alibebeshwa kilo, akaambiwa zitamwokoa, na mwenye kusema hivyo hakuwa na karatasi ya kuthibitisha. Huo si mzigo wa kinga, ni mzigo tu.

MILIMA ILIWASUTA

Kilichowarudisha kwenye akili ni milima ya Afghanistani. Iraki askari wengi walipanda magari na adui alitega mabomu barabarani, kwa hiyo mtu anayesimama na bunduki juu ya gari alikuwa na haki ya kuvaa kila kilichopo. Afghanistani mtu anatembea kwa miguu, hewa ni nyembamba, na adui amevaa makubadhi, ana AK na risasi chache, anapanda jabali kama mbuzi. Kumkimbiza ukiwa kobe ni kichekesho.

Mwaka 2009 jeshi la Marekani likapeleka kule mbeba bamba mwepesi. Ni mikanda na mifuko ya kushikilia mabamba tu, bila zile nguo za pembeni. Pamoja na mabamba yake ilikuwa na kilo kama 10, wakati fulana kamili ya wakati huo ilifika kilo 14 au zaidi. Askari akapoteza kinga ya vipande vya bomu mabegani na kiunoni, akapata miguu yake. Baadaye makamanda wa huko huko uwanjani wakaachiwa nafasi ya kuamua kiwango cha fulana kwa kuangalia kazi ya siku hiyo: leo tuko kwenye gari, vaa yote, kesho tunapanda mlima, bakiza kifua na mgongo.

Hilo ndilo jibu, na limechukua miaka 6 ya vita kulipata. Hakuna uzito mmoja sahihi. Kuna uzito sahihi kwa kazi fulani, mahali fulani, mbele ya adui fulani, na mtu anayeujua ni yule anayetoka kwenda, pamoja na kamanda wake anayetoka naye. Kazi ya wakubwa ni tatu tu: wanunue mabamba yaliyopimwa, yafike kabla ya vita, na wasimwadhibu kamanda aliyepunguza kwa sababu za kazi. Basi.

Tusidanganyane kwamba tatizo limekwisha. Mwaka 2017 wakaguzi wa Bunge la Marekani waliandika kwamba fulana na kofia peke yake bado ni kama kilo 12, na mzigo wote wa askari wa miguu bado unazidi kilo 50. Lakini waliandika. Mtu yeyote anaweza kusoma.

NA SISI JE?

Tarehe 7 Desemba 2017, kule Semuliki, Kivu Kaskazini, kambi ya walinda amani wa Umoja wa Mataifa ilishambuliwa kwa saa nyingi. Vijana wetu wa JWTZ 15 walipoteza maisha na makumi wakajeruhiwa. Walikuwa na mama, wake na watoto. Baadhi yao huenda ulicheza nao chandimu.

Hatusemi fulana zao zilikuwa mbovu. Hatumtuhumu mtu. Tunasema kuna maswali ambayo mama wa Uingereza aliyafikisha mbele ya mchunguzi wa vifo, na mama wa Tanzania ana haki hiyo hiyo: mwanangu alikuwa amevaa nini? Bamba lake lilipimwa lini na nani? Lilikuwa na kilo ngapi, na kamanda wake aliruhusiwa kulipunguza au kuliongeza? Adhabu ya kaburi aijuaye maiti, lakini bei ya bamba anaijua mlipa kodi.

Tena kuna fedha. Umoja wa Mataifa huilipa serikali, si askari moja kwa moja, kwa kila mtu anayepelekwa kulinda amani. Kuanzia Julai 2018 kiwango kilikuwa dola 1,428 kwa askari mmoja kwa mwezi. Na jukumu la kumvisha askari huyo ni la nchi inayomtuma. Kwa hiyo kuuliza fulana imenunuliwa kwa shilingi ngapi si uchochezi. Ni kuuliza risiti.

Majirani zetu Kenya hali ni hiyo hiyo. Tarehe 15 Januari 2016 kambi yao ya El Adde, Somalia, ilivamiwa na Al-Shabaab, na serikali ya Kenya haikuwatangazia wananchi idadi kamili ya waliokufa. Kama hata idadi ya majeneza ni siri, nani atapata ujasiri wa kuulizia uzito wa bamba?

Watakuja na wimbo wao wa zamani: hiyo ni siri ya ulinzi, mtamwambia adui. Hebu tuupime. Marekani ilitangaza idadi ya fulana zilizorudishwa, uzito wake, na vipimo vilivyoshindwa. Ilichokificha ni mahali hasa risasi inapoweza kupenya, na hilo ni haki yake. Kuna adui gani aliyeshinda vita kwa kusoma ripoti ya mkaguzi wa hesabu? Siri inayomlinda askari ni ndogo sana. Iliyobaki inamlinda mnunuzi.

Mmesahau rada? Rada ya kijeshi iliyonunuliwa Uingereza kwa paundi milioni 28 nayo ilikuwa "siri ya ulinzi". Walioifumua si waheshimiwa wa Dodoma. Ni wachunguzi wa London. Desemba 2010 kampuni ya BAE Systems ilikiri mahakamani huko Uingereza kosa la kutotunza vizuri kumbukumbu za hesabu za biashara ile, na paundi milioni 29.5 zikarudishwa kwa Watanzania kwa ajili ya elimu. Siri yetu ilifichuliwa ugenini, chenji tukaletewa nyumbani kama sadaka.

Kwa hiyo tunataka mambo manne, na tunayataka kwa sauti. Kwanza, kamati ya Bunge inayohusika na ulinzi iulize, na itamke kwa wananchi, kama kila kijana anayepelekwa nje ana fulana yenye mabamba yaliyopimwa. Pili, Mkaguzi Mkuu wa Hesabu aweke mkono kwenye manunuzi hayo, apime mabamba kwa risasi na si kwa ankara. Tatu, askari waliorudi waulizwe kwa utaratibu, bila kutaja majina yao: fulana ilikuzidi wapi, ilikupungukia wapi? Nne, kamanda wa uwanjani apewe kwa maandishi uamuzi wa kupunguza na kuongeza, ili asijifiche nyuma ya amri wala amri isimfunge mikono.

WEWE UTAVISHWA NA NANI?

Mwisho nirudi kwako wewe uliyekaa kijiweni. Unaweza kusema hayo ni ya wanajeshi. Waulize Waganda. Kuanzia miaka ya 2005 na kuendelea, maelfu kwa maelfu ya vijana wao walipelekwa Iraki na kampuni binafsi kulinda malango ya kambi za Marekani, kwa mshahara ambao ulizidi kushuka kila mkataba mpya. Hawakuwa na waziri wa kumuuliza swali. Na mwaka 2025 serikali ya Kenya yenyewe ilikiri kwamba kuna vijana wake walionaswa katika jeshi la Urusi kwenye vita vya Ukraine, wengi wao wakiwa wametoka nyumbani kutafuta kazi.

Wakala wa ajira atakapokuja na fomu nzuri na picha ya ndege, usimuulize mshahara peke yake. Muulize nitavaa nini, limepimwa na nani, lina kilo ngapi, na nani anaamua nikitaka kulivua. Akibabaika, rudisha kalamu yake.

Na kama utavaa sare ya nchi yako, ambayo ni heshima, vaa ukijua kwamba una haki ya kuuliza hayo hayo. Taifa linalokutuma kufa kwa ajili yake haliwezi kukuona mchochezi kwa kuuliza uzito wa fulana yako.

Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Basi kabla ya waheshimiwa kusaini karatasi nyingine ya manunuzi, tunawaalika Mnazi Mmoja, saa nane mchana. Ndoo tutaleta sisi.